Supavaiza anasema "hii ni wanawake, siyo jinsia": proposo ya masta ya masafa nairekebishaje?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii kwenye halmashauri moja mkoani Singida, nasoma masta ya jinsia na maendeleo kwa masafa. Kozi zote nimemaliza, nimebaki na utafiti. Mada yangu ni "Mchango wa mikopo ya halmashauri katika kumwinua mwanamke kiuchumi", na nilipanga kugawa dodoso kwa wanawake 150 wa vikundi vya kata ninazosimamia. Proposo imerudishwa mara mbili na maoni ni mafupi tu: "hii ni wanawake, siyo jinsia", "fremuwek iko wapi?", "nafasi ya mtafiti?". Supavaiza yuko Dar tunawasiliana kwa barua pepe tu, na huku sina maktaba. Nibadilishe mada? Au nihamie chuo cha nje kama IGNOU cha India au UNISA cha Afrika Kusini?

JIBU: Marahaba dada, na pole kwa mzunguko. Mada usibadilishe na chuo usihame. Mada yako ni nzuri kuliko unavyoiona, shida ni swali uliloliweka ndani yake. Nasimamia wanafunzi wa masafa na maoni ya aina hiyo nayafahamu sana, supavaiza anaandika maneno manne akidhani umeelewa, mwanafunzi aliyepo chuoni atamfuata ofisini amuulize ila wewe unabaki na karatasi peke yako huko. Ngoja niyafungue.

Hilo la kwanza ndo kubwa. Kichwa chako kinauliza kama mkopo umemsaidia mwanamke. Sasa ukienda na dodoso akina mama watakujibu ndiyo umenisaidia, nimeezeka mabati, nimelipa ada, tunaishukuru serikali, wewe utaingiza kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, upate asilimia zako na kazi itaishia hapo. Utakuwa umehesabu wanawake lakini hujagusa mahusiano ya mamlaka yanayomzunguka huyo mwanamke, yani yeye na mumewe, yeye na wakwe, yeye na mwenyekiti wa kikundi, yeye na ofisi yenu. Somo letu linauliza nani anaamua, nani anafanya kazi, nani anabaki na faida, na ni taratibu zipi za ukoo, za dini au za ofisi zinazofanya hali hiyo ionekane ni ya kawaida kabisa. Mwanaume naye yumo humo ndani, na kwenye proposo yako hayupo popote.

Huu mjadala wa mikopo kwenye fani yetu ni wa muda mrefu na lazima uingie ndani yake. Mwaka 1996 Anne Marie Goetz na Rina Sen Gupta walichapisha utafiti wa Bangladesh ulioonyesha kwamba mikopo iliyoandikwa kwa majina ya wanawake, sehemu kubwa ilikuwa inaendeshwa na wanaume wa familia huku mwanamke akibaki na deni. Naila Kabeer akaja 2001, hukohuko Bangladesh, akasema subirini, ukiwauliza wanawake wenyewe wanathamini nini utakuta wamepata heshima nyumbani, sauti kidogo, hata kupungua kwa ugomvi, na hayo huyaoni kama unapima tu nani ameshika hela. Wote wana ushahidi, wametofautiana kwenye kitu gani kihesabiwe. Hapo ndo pa kusimama na Singida yako, upande upi una nguvu huko na kwa nini.

Halafu angalia utajiri wa mahali ulipo. Hii mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba, iliwekwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa mwaka 2018, ikasimamishwa 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Wewe hii ndo kazi yako ya kila siku, mafaili unayajua. Vikundi vilifanya nini kile kipindi mikopo ilipofungwa? Waliokuwa katikati ya biashara walikopa wapi, nani alibeba marejesho, na mume alichangia au alijitoa? Mtu wa Dar au wa Ulaya hawezi kuliuliza swali hilo vizuri kama wewe. Ndo maana nakwambia usibadilishe mada.

Kichwa kiandike upya kiwe na uhusiano ndani yake, mfano "Udhibiti wa mikopo ya halmashauri ndani ya kaya: maamuzi, kazi na marejesho kati ya wanawake wakopaji na wenza wao". Sio lazima maneno hayohayo, ila ona jinsi kinavyokulazimisha kuuliza pande zote mbili.

Twende kwenye fremuwek, yani mfumo wa mawazo utakaokuongoza kuchambua data. Wanafunzi wengi wanazirundika zote kwenye sura ya pili, ukurasa mzima wa Harvard, ukurasa wa Moser, ukurasa wa Longwe, halafu kwenye uchambuzi hakuna hata moja inayoonekana tena. Chagua moja ikubebe mpaka mwisho. Ile ya Harvard ya 1985 ina majedwali mazuri ya nani anafanya nini na nani anafikia au anadhibiti nini, lakini haikuambii kwa nini, kwa hiyo itumie kama kifaa cha kukusanyia data tu. Ya Sara Longwe wa Zambia ina ngazi tano, ustawi, kufikia rasilimali, kuamka kifikra, ushiriki, udhibiti, na inafaa sana ukitaka kupima mradi au sera. Kwa mada yako mimi ningekushauri makala ya Kabeer ya 1999, anaposema uwezeshaji una sehemu tatu zinazotegemeana: rasilimali, uwezo wa kuamua na kutenda, na matokeo. Mkopo ni rasilimali. Mabati ni matokeo. Ile ya katikati ndo proposo yako imeiruka, na supavaiza ameliona hilo.

Ongeza na Deniz Kandiyoti wa 1988, ile hoja yake ya wanawake kupatana na mfumo dume. Utamhitaji siku mama atakapokwambia nilipotoka benki hela nikampa baba mwenyewe kwa hiari. Usikimbilie kuandika kwamba amenyanyaswa, na usikimbilie kuandika kwamba ana uhuru. Inawezekana anajua kabisa kwamba akimpa 300,000 leo atapata ruhusa ya kwenda mnadani bila maneno mwaka mzima, na hiyo ni hesabu ya mtu anayefikiri. Uchambuzi wako utaanzia hapo.

Sasa "nafasi ya mtafiti", na hapa naomba tuwe wakweli kwa sababu ni jambo la maadili, sio la kujaza ukurasa. Wewe ndo unayepitisha maombi ya hao akina mama, au walau unakaa kwenye meza inayopitisha. Ukimuuliza mama wa kata yako kama mkopo ulitumika kama ulivyoombwa, unategemea akwambie kwamba mume alinunulia pikipiki? Hawezi, ana mkopo wa pili anausubiri. Data yako itakuwa safi na haitakuwa ya kweli, na zaidi ya hapo utakuwa umemuweka mtu asiyeweza kukukatalia kwenye hali ya kujibu asichotaka. Kwa hiyo toka kwenye kata zako, ikiwezekana nenda halmashauri jirani ambako huna saini yoyote. Ikishindikana kabisa, tafuta msaidizi wa utafiti asiyejulikana kama mtu wa ofisi, na fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti, iseme wazi kwamba kukataa au kukubali hakugusi mkopo wa sasa wala wa baadaye. Na yote hayo yaandike kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, kwa nafsi ya kwanza, "mimi ni afisa maendeleo ya jamii", eleza cheo chako kinakufungulia nini na kinakuficha nini. Kwenye fani yetu hilo linaongeza nguvu ya kazi.

Na kuna usalama wa hao watu. Maswali ya hela ndani ya nyumba yanaweza kuleta kipigo jioni. Mke na mume wahojiwe kila mtu peke yake na sehemu tofauti, kamwe usimwambie mmoja kasema nini mwenzie, na maswali ya ukatili usiyaweke kabisa kwa yule mume, Shirika la Afya Duniani (WHO) walitoa mwongozo wao wa kutafiti ukatili wa majumbani 2001 na hilo wamelikazia. Kabla hujaanza ujue dawati la jinsia na watoto la polisi liko wapi na nani anapokea simu, maana mtu akikufungulia moyo huwezi kumalizia kwa "asante kwa muda wako" ukaondoka.

Dodoso 150 achana nazo, au zipunguze sana ziwe za kukupa picha ya mwanzo. Chukua vikundi vinne vitano vinavyotofautiana, kimoja cha mjini, kimoja cha wafugaji wa kuku, kimoja cha alizeti, kimoja kilichovunjika. Humo ndani zungumza kwa kina na wanawake kama 20, wenza wao kama 10, na usisahau waliokataliwa mkopo na waliojitoa, maana hao wanajua vitu ambavyo waliofanikiwa hawavioni. Kila mahojiano ufuate mkopo mmoja shilingi kwa shilingi: nani alileta wazo la kikundi, siku hela zilipoingia nani alikwenda kutoa, laini ya simu ni ya nani na namba ya siri anayo nani, kiasi gani kilienda kwenye biashara na kiasi gani kwenye msiba au mahindi ya njaa, nani alikuwa anaamka saa kumi usiku, marejesho yalitoka mfuko gani. Ukiuliza "nani anaamua?" utajibiwa "tunaamua wote". Ukifuata shilingi utaona wenyewe wanavyoishi. Waume nao waulize hayohayo kuhusu mkopo uleule, zile sehemu ambazo majibu yanatofautiana ndo zitakuandikia sura ya nne, ile ya matokeo.

Kuhusu kusoma, usiogope sana kukosa maktaba. Muulize mkutubi wa chuo akupe akaunti ya kuingia kwenye hifadhidata ukiwa mbali, wengi hawaombi. JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma, ina akaunti ya bure ya kusoma mtandaoni. Jarida la Feminist Africa liko wazi lote kwenye intaneti tangu 2002, na wapo humo Waafrika wanaozungumzia maisha yetu, usiandike desetesheni ya Singida ambayo rejea zake zote ni za Marekani. Tafuta kazi za Marjorie Mbilinyi na Ruth Meena, wasomi wa jinsia wa hapa Tanzania, na Aili Mari Tripp wa 1997 kuhusu jinsi miradi midogo ya akina mama wa Dar ilivyobeba familia pale mishahara ilipokufa miaka ya 80, huyo atakusaidia uone kwamba mwanamke mfanyabiashara hakuletwa na mkopo wa serikali. Takwimu za kaya chukua TDHS ya 2022, ule utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu. TGNP, mtandao wa jinsia Tanzania, pale Mabibo wana semina zao za jinsia na maendeleo, ukija Dar kikazi pita, utapata watu wa kubishana nao, na kwa mtu wa masafa hilo ni kubwa.

Supavaiza usimtumie tena proposo nzima ukamwandikia "naomba maoni". Mtumie ukurasa mmoja: tatizo, swali kuu, maswali madogo matatu, fremuwek, utakaowahoji na kwa nini, halafu malizia na maswali mawili ambayo anaweza kuyajibu kwa simu akiwa kwenye foleni. Omba dakika 20 za kuongea. Mkishamaliza mwandikie muhtasari wa mlichokubaliana umtumie siku hiyohiyo, ili raundi ijayo asianze upya.

Kuhamia nje ni fupi. IGNOU wana masta ya masomo ya wanawake na jinsia kwa masafa na ni chuo cha umma cha India tangu 1985, UNISA ni wakongwe wa elimu masafa Afrika. Lakini ukihama sasa kozi ulizomaliza zinaweza zisihamishwe zote, Afrika Kusini masta inadai honours (mwaka wa ziada baada ya digrii ya kwanza) au kitu cha kiwango hicho kwa hiyo digrii yetu ya miaka 3 inaweza kukurudisha nyuma hatua nzima, na ukimaliza bado cheti kinapita TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kutambuliwa ndo mwajiri akikubali. Kwa mtu aliyebakiza utafiti sioni faida yoyote.

Jambo la mwisho ni vibali, anza navyo mapema kuliko unavyofikiria. Kwa kuwa uko chuo cha ndani, chuo ndo kitakupa barua ya utafiti, unaipeleka kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, halafu kwa watendaji wa kata na vijiji. Ungekuwa chuo cha nje ungeanzia COSTECH, yani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukichagua halmashauri jirani usipige simu kwa afisa mwenzako akufungulie mlango kienyeji, pita njia hiyo yote na barua mkononi kama mtafiti yeyote. Akina mama wakiona umeletwa na mtu wa mikopo wa kwao, kazi yote ya kutoka kwenye kata zako itakuwa imepotea siku ya kwanza.