Wiki ya 11 baada ya upasuaji wa goti: bado linavimba, halinyooki. Nisubiri?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 34. Wiki 11 zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kuwekewa kano mpya ya msalaba ya mbele katika goti la kulia. Kano ilichukuliwa nyuma ya paja, na sehemu ya meniski (gegedu iliyo kati ya mifupa ya goti) iliyochanika ikapunguzwa. Kila jioni goti linavimba, mguu haunyooki sawasawa, na paja limekonda. Leo natembea vizuri, kesho nachechemea. Daktari aliniambia nivute subira. Je, kano imekatika? Nipumzike au niendelee na mazoezi? Nitapona lini?

Jibu: Marahaba, na pole sana. Kupanda na kushuka kwa namna hiyo kunachosha kuliko maumivu yenyewe, kwa sababu hujui kama unapona au unarudi nyuma.

Katika maelezo yako sioni dalili ya kano kukatika. Ikikatika, mara nyingi kuna tukio unaloweza kulitaja: mguu ulijipinda, ukahisi kitu kimeachia, goti likajaa ndani ya saa chache, na tangu siku hiyo linalegea ghafla ukigeuka. Uvimbe unaokuja jioni na kupungua asubuhi, katika wiki ya 11, kwa kawaida ni goti lililobebeshwa mchana kuliko linavyoweza kwa sasa. Kinachonipa wasiwasi ni kingine: mguu kutonyooka. Uvimbe na wembamba wa paja unaweza kuvivutia subira. Kunyooka usikusubirie.

Sababu ni hii. Maji yakikaa ndani ya goti, mishipa ya fahamu ya hapo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na msuli wa mbele wa paja hupunguziwa amri. Paja linakonda hata kama unajitahidi, wala si uvivu wako. Msuli uliozimwa nusu haumalizi kunyoosha goti, kwa hiyo unatembea likiwa limekunjika kidogo. Ukitembea hivyo, pia ya goti inakandamizwa kila hatua na maji yanaongezeka. Wengi hapo huongeza kuchuchumaa na uzito ili paja lirudi, na goti linazidi kuvimba. Anza na kunyoosha na kupunguza maji. Uzito ufuate.

Usilipime goti kwa jinsi unavyojisikia. Tafuta daftari na tepu ya fundi cherehani.

Kunyooka kupime mara moja kwa wiki. Lala kifudifudi, mapaja yote mawili yakiwa juu ya godoro, pia za magoti zikiwa nje kidogo ya ukingo, miguu ikining'inia imelegea. Mtu asimame nyuma yako aangalie visigino. Kama cha kulia kiko juu kuliko cha kushoto, apime tofauti kwa rula. Sentimita 1 ni takriban nyuzi 1 ya kunyooka unayokosa. Vidole vya miguu vielekee upande mmoja na nyonga zilale sawa, la sivyo kipimo kitakudanganya.

Uvimbe upime kila asubuhi kabla ya kuanza shughuli, mguu ukiwa umenyooka, tepu ikipita katikati ya pia ya goti. Kisha angalia maji yenyewe: kwa kiganja, sukuma ngozi ya upande wa ndani wa goti kutoka chini kwenda juu mara mbili au tatu, mpaka kile kishimo kando ya pia kionekane. Sasa pitisha kiganja upande wa nje, kutoka juu kwenda chini, macho yakiwa kwenye kishimo. Kikijaa taratibu kama wimbi dogo, bado kuna maji. Kikijaa chenyewe kabla hujagusa upande wa nje, maji ni mengi. Paja lipime kila baada ya wiki 4 tu, sentimita 10 juu ya ukingo wa pia, miguu yote miwili. Msuli haujengeki kwa siku 3, na kulipima kila siku kutakuvunja moyo bure.

Kwa kunyoosha, keti au lala chali, kisigino kikae juu ya taulo lililokunjwa, kimo cha sentimita 10 hivi, nyuma ya goti pasiguse kitu. Kaa dakika 10, mara 4 kwa siku. Legeza paja kabisa, maana ukilikaza kwa kuogopa unazuia kile unachokitafuta. Baada ya wiki moja, kama tofauti ya visigino haijapungua, weka mfuko wa mchanga wa kilo 1 hadi 2 juu kidogo ya pia, si juu ya pia yenyewe. Ukimaliza, hapo hapo kaza msuli wa mbele wa paja kwa sekunde 6, mara 10. Gusa pia kwa kidole: inapaswa kupanda kuelekea nyonga. Isipopanda, unakaza makalio au unakandamiza kisigino, na msuli unaoutaka haujafanya kazi. Na ule mto unaouweka chini ya goti ukilala, kama unao, uondoe usiku wa leo. Unaondoa faida ya zoezi la mchana kutwa.

Ukinyoosha, zingatia unasikia nini na wapi. Mvuto nyuma ya goti ni ukakamavu, nao hulainika. Kizuizi kigumu mbele ya goti, kama mlango uliogota jiwe, chenye maumivu yasiyobadilika wiki hadi wiki, huenda ni kifundo cha kovu kilichoota mbele ya kano mpya. Hicho hakimalizwi kwa mazoezi. Huonekana kwenye MRI, yaani kipimo cha picha kwa sumaku, na huondolewa kwa upasuaji mdogo wa matundu.

Kupumzika kabisa nakushauri usifanye. Wakati wa zoezi, maumivu hadi 3 kati ya 10 yanakubalika. Hukumu inatolewa asubuhi inayofuata. Kama tepu imeongezeka kwa sentimita 1 au zaidi, punguza hatua na uzito kwa nusu kwa siku 2, lakini kunyoosha na kukaza paja kusisimame. Barafu dakika 15, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, inatuliza maumivu. Tepu ikirudi ilipokuwa, ongeza kitu kimoja tu: ama hatua, ama uzito, ama ngazi. Ukiongeza vyote pamoja hutajua kipi kimelichokoza goti.

Lini utapona? Kunyooka unapaswa kuona mabadiliko ndani ya wiki 2 hadi 3. Paja huchukua miezi mingi, na kwa wengine mwaka unakwisha bado pengo lipo. Kano mpya, kwa wakati huu, inajijenga upya na ni dhaifu kuliko ilivyowekwa, kwa hiyo siku goti likiwa jepesi usilijaribu kwa kukimbia au kugeuka ghafla. Michezo ya kugeuka na kuruka haianzi kabla ya mwezi wa 9, tena mguu wa kulia ukiwa umefikia angalau asilimia 90 ya nguvu za wa kushoto kwa kipimo.

Muone daktari siku hiyo hiyo ukipata homa, wekundu unaosambaa au usaha kwenye kidonda. Fanya hivyo pia kama shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, linavimba na kuuma hata ukiwa umetulia, au kama huwezi kabisa kunyanyua mguu ukiwa umenyooka wakati jana uliweza. Ukiishiwa pumzi ghafla au ukipata maumivu ya kifua, nenda hospitali kwa dharura.

Baada ya wiki 3, kama tofauti ya visigino imebaki pale pale, rudi kwa aliyekupasua ukiwa na daftari. Usimwambie tu kwamba goti halijakaa sawa. Mwambie: "Wiki ya 11 nilikosa sentimita kadhaa, wiki ya 14 ni zile zile, kizuizi nakisikia mbele." Kisha muulize kama kunahitajika MRI, na kama meniski yako ilipunguzwa tu au kuna sehemu iliyoshonwa, kwa sababu iliyoshonwa ina masharti yake ya kukunja na kubeba uzito.