Re: Mtoto alishonwa kaakaa, anapenda kuimba, nimeambiwa apulize maputo. WEKA HAYO MAPUTO CHINI KWANZA

Dada mleta uzi, salamu baadaye. Nimesoma ulichoandika mpaka damu imenichemka. Mtoto wa kiume, miaka saba, alizaliwa na mdomo sungura pamoja na kaakaa lililopasuka, alishonwa vyote akiwa mdogo, bado anaongea puani, anapenda sana kuimba, na mwalimu wa kwaya ya watoto amekwambia umnunulie maputo na filimbi apulize asubuhi na jioni halafu aimbe kwa nguvu "ili kaakaa likomae". Umeuliza kama ni kweli, ukauliza awekwe sauti ya ngapi, mtaalamu anachukua shilingi ngapi, na kama asali ya nyuki wadogo inasaidia. Mimi nashika hilo la maputo, maana hapo ndipo hela yetu iliteketea na sauti ya binti yangu ikaharibika.

Binti yangu alishonwa kaakaa akiwa na mwaka na miezi kadhaa. Kidonda kilipona vizuri tu, ukimwambia fungua mdomo unaona kaakaa zima, tundu hakuna, kila anayechungulia anatoa hongera. Ila alipoanza kuongea akawa ananiita "baba" na watu wanasikia "mama". Midomo inakutana vizuri kabisa kama ya b, mtoto anajua anachotaka kusema, lakini hewa iliyotakiwa ijibane nyuma ya midomo ndio ipasuke inapanda zake puani, na b ikikosa hewa inasikika m. "Dada" inakuwa "nana". "Sasa" inatoka na upepo puani. Shuleni hawakuchelewa, wakamwita king'ong'o.

Ndipo tukampata mtu wa mazoezi. Simtaji wala kituo chake sikitaji. Alimsikiliza mtoto akiongea kidogo, hakumulika hata mdomoni, akasema misuli ya kaakaa imelegea inataka mazoezi. Akatupa ratiba: maputo, filimbi, mrija wa soda wa kupuliza mapovu kwenye glasi, kupuliza pamba kutoka ukingo mmoja wa meza ifike wa pili, kunyonya uji mzito kwa mrija. Kila wiki tunalipia. Nikimuuliza mbona matamshi yapo palepale ananijibu mzazi hasimamii mazoezi nyumbani! Mke wangu alikuwa anaamka mapema kabla basi la shule halijafika ili mtoto amalize kupuliza. Na mwalimu wa kwaya naye akaweka yake: sukuma sauti itoke tumboni, ukiimba kwa nguvu pua inajifunga yenyewe.

Tumekwenda hivyo kuanzia darasa la pili mpaka anaingia la tano. Pamba ilikuwa inavuka meza inaangukia sakafuni, wageni wakija tunawaonyesha na wanapiga makofi. Mtoto alipata pumzi ya kupulizia tarumbeta kwenye bendi ya polisi. Na "baba" ikabaki "mama".

Sikia sasa kinachotokea humo ndani, maana laiti mtu angenieleza hivi siku ya kwanza. Kaakaa lina sehemu ngumu mbele na laini nyuma. Ukisema p, b, t, d, k, g, s, sh, ch, f, ile sehemu laini inanyanyuka inaenda nyuma mpaka iguse ukuta wa koo, kuta za pembeni nazo zinasogea, njia ya puani inafungwa, hewa yote inapita mdomoni. Ni m, n, ny na ng' tu zinazoachiwa pua. Mtoto aliyeshonwa anaweza akawa na kaakaa zima bila tundu lakini fupi, au misuli yake haikukaa inapotakiwa, au kovu limeikaza. Linanyanyuka, halifiki. Kwa hiyo unaweza kumpulizisha mpaka maputo ya duka zima yaishe, urefu hauongezeki. Ni sawa na tairi lenye pancha, wewe unahangaika kununua pampu kubwa zaidi.

Halafu hata kwa yule ambaye kaakaa lake linafika, kupuliza hakumfundishi kuongea. Watafiti walikuwa wanapiga picha za eksirei za kaakaa likitembea tangu miaka ya 1960, na ilionekana kwamba linavyofunga wakati wa kupuliza sivyo linavyofunga wakati wa kuongea. Ann Kummer, mtaalamu wa matamshi aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya watoto ya Cincinnati kule Marekani, amelirudia hili kwenye vitabu na mihadhara yake: kupuliza na kunyonya hakuondoi kuongea puani. Elimu ipo miaka yote hiyo na bado mtu anakuuzia ratiba ya mapovu. Mtu mwenye leseni ya kugusa mtoto! Hilo mimi sijalisamehe mpaka leo.

Kilichotufungua macho ni pale sauti ilipoanza kukwaruza. Ilikuwa kipindi cha mazoezi ya Pasaka, binti akirudi jioni anaongea kama mtu aliyeshinda uwanjani, asubuhi inarudi kidogo, jioni imekwenda tena. Daktari wa masikio, pua na koo akampitisha kamera nyembamba puani. Kwanza akatuonyesha kaakaa kutokea juu. Binti akaambiwa aseme "kaka chukua kikapu", sentensi ambayo haina m wala n hata moja, na kwenye skrini tukaona kaakaa linanyanyuka, linasimama kabla ya kufika, na pale kwenye uwazi mate yanatokota mapovu kila akigonga k. Mke wangu akauliza, sasa pamba alikuwa anapulizaje? Daktari akasema watoto wajanja, anapandisha nyuma ya ulimi anaziba kwa ulimi na kusukuma kwa mashavu. Alikuwa amejifunza kupuliza pamba, basi.

Kisha kamera ikashuka kwenye nyuzi za sauti. Vinundu viwili, kimoja kila upande, vinatazamana.

Na hili nalo si jipya. Mwaka 1969 mtaalamu wa matamshi Betty Jane McWilliams na wenzake kule Pittsburgh, Marekani, waliandika kuhusu watoto wenye kaakaa lililopasuka ambao sauti zao zinakwaruza, na vinundu kwenye nyuzi za sauti vilikuwa sehemu ya hiyo picha. Walichoshuku kinaeleweka hata na mtu wa kawaida: hewa inavuja puani, sauti inakuwa hafifu, mtoto anataka asikike kwa hiyo anabana koo, nyuzi zinagongana kwa nguvu kutwa nzima. Sasa mchukue huyo mtoto anayeshinda amebana koo, mpeleke kwaya, mwambie SUKUMA.

Kwa hiyo dada yangu sheria yangu ni moja na nitairudia mpaka mods wanifungie: KAAKAA LIPIMWE KWANZA. Kabla ya maputo, kabla ya kwaya, kabla ya asali, mtu anayejua aangalie mtoto anapoongea kama kaakaa linafunga au halifungi. Kama halifiki, hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji. Kama linafika ila mtoto amezoea kutamka vibaya, mfano k anaikata kooni badala ya kuinua ulimi, hiyo ni kazi ya mtaalamu wa matamshi, na anafundisha ulimi na midomo ikae wapi kwenye herufi yenyewe, kwenye neno lenyewe. Wengine wanahitaji vyote viwili. Puto halimo popote.

Leo hiihii unaweza kupata fununu bila senti. Chukua mrija wa soda, ncha moja weka mlangoni mwa tundu la pua la mtoto, nyingine sikioni kwako. Mwambie aseme papapapa, tatata, kakaka, sasasa, halafu "dada apike pilipili". Kama unasikia upepo au mlio unaingia kwenye mrija kila silabi, hewa inavuja. Au kioo kidogo kikavu chini ya pua, umwambie aseme hizohizo usiweke m wala n, na kioo ukiweke akiwa ameshaanza kutamka na ukitoe kabla hajavuta pumzi maana pumzi ya kawaida itakidanganya. Kikiingia ukungu, umejua. Hii sio vipimo vya hospitali, ila ukifika kwa daktari utaongea kwa uhakika na hawatakwambia "ataacha akikua".

Usikubali pia mtu amtoe vinyama vya nyuma ya pua kabla waliomshona kaakaa hawajasema neno. Kwa watoto hawa wakati mwingine kaakaa fupi linaegemea vile vinyama ndio lifunge, vikitolewa uwazi unaongezeka. Na masikio yakaguliwe, watoto wa kaakaa lililopasuka wanapata sana maji nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto asiyesikia s vizuri hawezi kuitamka.

Wala usijilaumu eti hukumtunza kidonda. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2023 kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, watoto 558 wa Uingereza, Skandinavia na Brazili waliopasuka kaakaa tu, mdomo mzima, kundi moja likashonwa kwenye miezi 6 jingine miezi 12. Walipofika miaka 5, kaakaa halikutosha kufunga kwa 8.9% ya walioshonwa mapema na 15.0% ya wale wa miezi 12. Hao wako kwenye vituo vya mabingwa, na bado wapo ambao halikufunga. Ndio maana nasema lipimwe!

Kuhusu kuimba, simwambii mtu yeyote amkataze mtoto. Tuni inatengenezwa kwenye nyuzi za sauti na sikio, mpasuko wa kaakaa hauigusi, binti yangu alikuwa anashika noti kuliko wenzake waliokuwa wanamcheka. Carmit Bachar aliyekuwa kwenye kundi la muziki la Marekani la Pussycat Dolls alizaliwa na mdomo na kaakaa vilivyopasuka na amepanda majukwaa ya dunia nzima. Kinachopata shida kwenye wimbo ni zile herufi za kupasuka na pumzi, kwa sababu hewa inaisha kabla ya mstari kuisha, mtoto anavuta pumzi katikati ya neno na mwalimu anamgombeza. Utasikia pia "a" inatoka safi kidogo kuliko "i" na "u", kwa vile hizo mbili zinataka kaakaa lipande zaidi. Kwa mwenye uvujaji mdogo, kufungua taya vizuri na kuimba kwa sauti ya wastani kunapunguza ile pua. Ila tafiti za kuimba kama tiba ni chache na zimehusisha watoto wachache wachache, asitokee mtu akakuuzia kwaya kama dawa.

Binti alifanyiwa operesheni ya pili, wakachukua kipande cha nyama ya ukuta wa koo wakakiunganisha na kaakaa, pembeni wakaacha njia mbili za kupumulia. Miezi ya mwanzo alikoroma mpaka tukaogopa, daktari alikuwa ametuonya. Kwaya tulimsimamisha, vinundu vikapungua, na mtaalamu wa matamshi (safari hii wa kweli) akamuanzisha upya na p, kisha b, kiganja mbele ya mdomo ausikie upepo unatoka hapo. Sasa anaimba alto na hakuna anayemwambia asukume.

Gharama umeuliza. Shirika la misaada la Smile Train wanalipia upasuaji wa mdomo sungura na kaakaa kupitia hospitali za humuhumu nchini, kwa hiyo ulizia kwenye hospitali inayofanya kazi nao, na ukifika uliza kwa jina "operesheni ya pili ya kaakaa kwa ajili ya matamshi", usiseme tu mtoto anaongea puani maana watamtazama mdomo wakuambie amepona. Kabla hujaenda mrekodi kwenye simu, chumba kimya, ahesabu moja mpaka ishirini, aseme zile sentensi za mrija, aimbe ubeti mmoja anaoupenda. Daktari asikie hiyo klipu kwanza.