Geji Inapozidi Jedwali: Kupima Shinikizo la Mvuke

SWALI: Tunapima shinikizo la mvuke (msukumo wa mvuke unaotoka kwenye kimiminika ndani ya chombo kilichofungwa) kwa chupa iliyozamishwa kwenye maji ya 25 °C, iliyounganishwa na geji na pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa). Maji safi yanatupa kPa (kilopaskali) 4.1, jedwali linasema 3.17. Geji imekufa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Geji msiiguse bado. Kinachozidi huwa ni hewa. Kausheni kifaa kikiwa kitupu, vuteni hewa, fungeni vali ya pampu, kisha tazameni nusu saa. Geji ikipanda kwa mwendo uleule bila kutulia, panavuja. Anzeni na mipira ya maungio na grisi ya vali. Ikipanda kisha ikatulia, ni unyevu wa kutani. Isipopanda, hewa mnaiingiza wenyewe, imeyeyuka ndani ya sampuli.

Kuitoa, tumieni chupa ya kitako cha mviringo (ya kitako bapa inaweza kubomokea ndani) na msijaze zaidi ya theluthi. Igandisheni kwa kuizamisha kwenye barafu kavu (kaboni dayoksaidi iliyogandishwa) na ethanoli huku mkiizungusha, sampuli itande ukutani. Maji yakiganda bonge hutanuka na kupasua kioo. Vuteni hewa dakika chache, fungeni vali, acheni iyeyuke polepole. Viputo vitatoka. Rudieni mpaka vipimo viwili mfululizo vilingane. Mara tatu kwa kawaida hutosha. Sampuli yenye ethanoli msiivute ikiwa haijaganda: ethanoli hutangulia kutoka, nanyi mtabaki kupima myeyusho mwingine.

Mkipandisha joto, kosa hugeuka. Kwa 40 °C maji hutoa kPa 7.38, lakini bomba likibaki na 25 °C ya chumbani mvuke hugeuka matone humo na geji hushuka kuelekea 3.17. Bomba na geji viwe na joto kuliko chupa.

Jaribio la mwisho: maji yaliyoshiba chumvi ya mezani, punje zikionekana chini, yasome karibu kPa 2.39 kwa 25 °C. Yakorogeni vizuri baada ya barafu kuyeyuka.

SWALI: Geji yetu inaonyesha −80. Tukijumlisha 101.3 tunapata kPa 21 kwa maji ya 25 °C! (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Geji yenu huanzia sifuri kwenye shinikizo la hewa ya nje, na 101.3 ni shinikizo hilo kwa usawa wa bahari. Nairobi hewa hukandamiza kwa kPa 83 hivi. Jumlisheni namba ya baromita (kipima shinikizo la hewa) yenu ya siku hiyo, si ya kitabuni wala ile ya utabiri wa hali ya hewa, ambayo hurekebishwa kwa usawa wa bahari. Hata hivyo, baromita ikikosea kPa 0.2 tu, jibu lenu limepotoka asilimia 6. Tafuteni geji inayoanzia sifuri ya vakyumu.