Yale mabeberu ya karanga, au mabepari?

Msomaji wetu wa Kongwa ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Babu yangu akisimulia habari za Waingereza wa mashamba ya karanga anasema 'yale mabeberu yalikuja na matrekta yao'. Mwenzangu anabisha kwamba hao ni mabepari sio mabeberu. Nani yuko sahihi, na hiyo 'yale, yalikuja' ni Kiswahili kweli?"

Marahaba mdogo wangu, na babu msalimie sana.

Tuanze na bepari maana ndo anachanganya wengi. Neno limetoka India na kwao ni mfanyabiashara tu, halina ubaya wowote, ndo maana Mwalimu Nyerere alipotafsiri ile tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 akaiita Mabepari wa Venisi. Lakini miaka miwili nyuma kulishakuwa na Azimio la Arusha, na humo kiongozi alikatazwa kushiriki jambo lolote la kibepari au kikabaila, yaani asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba, kwa hiyo bepari akawa yule anayeishi kwa jasho la wengine. Mimi nashikilia maana hiyo. Mama mwenye duka pale Majengo anayeamka alfajiri kufungua mwenyewe sio bepari hata kama ana hela, na naumia kweli nikisikia watu wanamwita hivo. (Kabaila ni mwingine kabisa, huyo ni wa ukoo mkubwa na ardhi, neno lake ni ndugu na kabila.)

Sasa beberu. Wewe ni mtu wa Ugogo huhitaji kamusi, nenda mnadani Msalato umwangalie mbuzi dume asiyehasiwa akiingia kwenye kundi, anasukuma wenzake, anapanda anayemtaka, hakuna anayemuuliza. Waliolichukua neno hilo kwenye siasa walitaka picha hiyohiyo ya dola yenye nguvu inayoingia kwa watu na kuamua mambo yao. Kwa hiyo beberu sio rangi ya ngozi. Mtalii wa kizungu anayepita Dodoma na begi mgongoni sio beberu, na dola inaweza kuwa na ubeberu bila kupandisha bendera kwako, hapo ndo ubeberu unapoachana na ukoloni.

Haya, turudi Kongwa. Mpango wa karanga ulianza 1947, Uingereza imetoka vitani haina mafuta ya kula, serikali ya London ikaamua zilimwe ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, wakaleta hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mwanzoni kazi ilisimamiwa na kampuni ya United Africa, iliyokuwa chini ya Unilever, kwa hiyo mwenzako ana kapointi kadogo. Ila uamuzi ulikuwa wa serikali na pesa ni za serikali, na kuanzia 1948 shirika la serikali yao likashika lenyewe mpaka mpango unakufa 1951, ardhi ngumu, mvua hakuna, pauni kama milioni 36 zimeteketea. Mgogo angewaambia bure kuhusu mvua ya pale lakini nani alimuuliza? Hapo ni dola inaamua juu ya ardhi ya watu wengine, babu yuko sahihi, ni mabeberu. Na Kongwa hiyohiyo miaka ya sitini ilikuwa na makambi ya wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, sasa mtu aliyekulia hapo kumfundisha neno beberu ni kazi bure.

Kuhusu "yale yalikuja": sarufi inataka wale mabeberu walikuja, kwa sababu ni viumbe hai, hata Mwalimu aliandika mabepari WA Venisi. Babu anapoweka "ya" anawatoa kwenye utu makusudi, ni dharau, na Waswahili wote tunafanya hivo tukikasirika (lile jitu limekuja tena!). Wewe kwenye mtihani andika wale walikuja, babu mwache aseme anavyosema.