Kumbikumbi hawatiwi mafuta

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumanne nimeusoma mara tatu. Unasema ulipita soko la Gikomba, ukakuta mama anauza kumbikumbi wakavu, ukanunua kikombe kimoja, na sasa unauliza: "Mama, wanakaangwa na mafuta kiasi gani, na je, mtoto anaweza kula?" Ningekupigia simu, lakini wewe ukiwa kazini unasema "sawa Mama, sawa Mama" hata sijamaliza sentensi.

Mafuta hawatiwi. Hata tone. Swali lako limenifanya nikae chini nijiulize nilikulea wapi. Kumbikumbi ana mafuta yake mwenyewe. Weka sufuria kwenye moto mdogo, wamwage hivyo hivyo walivyo, koroga bila kuacha, na baada ya muda mfupi utaona chini kunang'aa kama umepaka mafuta ya Kimbo. Hapo ndipo unatia chumvi. Wakianza kulia, ule mlio mdogo mdogo wa kupasuka, simama hapo hapo usishike simu, maana kutoka rangi ya kahawia hadi uchungu wa mkaa ni kufumba na kufumbua. Mabawa yaliyobaki yapepete kwenye ungo. Ungo huna, najua. Chukua sinia utoke nje kwenye roshani, ila angalia upepo unakoelekea, jirani wa chini asije akaanika nguo zake zikajaa mabawa.

Hayo ndiyo uliyouliza. Lililonikaa moyoni ni kwamba una karibu miaka arobaini na hukuyajua.

Hukuyajua kwa sababu pale mtaani Jericho tulikokaa kumbikumbi walikaangwa usiku, komeo likiwa limeshushwa, wewe na dada yako mmelala au mnajifanya mmelala. Asubuhi mlikuta sahani tu. Baba yako ndiye aliyetaka hivyo. "Watu watasema nini?" Watu wenyewe ni nani? Mlango wa pili alikuwa yule mama wa Nyeri, na siku aliyofunua kopo langu akidhani ni njugu alishika mdomo, akaniambia kwao wadudu ni wa kuku. Jioni hiyo hiyo akamtuma mtoto wake aniletee kipande cha mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, kwenye gazeti. Mutura! Kwa baba yangu damu ya mbuzi ilikuwa inamwagwa na mchanga unafukiwa juu yake. Nilikitazama kile kipande cheusi kinachotoka mvuke, sawasawa na yeye alivyotazama kopo langu, na sikukila. Leo unanijua: jioni siwezi kumpita mtu wa mutura pale stendi bila kukatiwa ya hamsini na kachumbari ya pilipili. Kwa hiyo kati yangu na yule mama, sijui nani alikuwa na haki ya kushika mdomo.

Nimeshasema na nitasema tena: chakula kinachotaka mlango ufungwe kina walakini, na walakini hauko kwenye chakula.

Ingawa, tusidanganyane, nyama ya mwisho wa mwezi pia tuliifungia mlango. Lakini hiyo ilikuwa kwa sababu ya watoto wa majirani. Humtamanishi mtoto wa mwenzako kitu usichoweza kumgawia. Basi labda mlango una siku zake. Kwa kumbikumbi, hapana.

Kukhu wenu, bibi yenu aliyenizaa mimi, hakufunga mlango wowote. Unakikumbuka kile kichuguu nyuma ya migomba, ambacho babu alikataa kisichimbwe hata walipokosa udongo wa kukandika jiko? Kilikuwa shamba lake. Mvua za Aprili zikianza, alisimika vijiti juu ya matundu, akafunika kwa blanketi kuukuu na majani ya migomba, akaacha mwanya mmoja tu, na chini ya mwanya akachimba kishimo. Halafu sisi watoto tukaketi kuzunguka kichuguu na vijiti, tukapiga. Tap tap tap tap, kwa mwendo mmoja, bila kuchoka, mpaka viganja viwake. Wale walio ndani wanadhani ni mvua. Wanatoka na mabawa yao mapya wakienda kuoa na kuolewa, maana wale wanaoruka ndio wafalme na malkia wa vichuguu vya kesho, na badala ya harusi wanaanguka kwenye kishimo cha Kukhu. Ukiacha kupiga, wanarudi. Nilichapwa siku moja kwa sababu niliacha kupiga nikaanza kula. Maana mbichi nao wana utamu wao: unang'oa mabawa, unatia mdomoni, miguu inakutekenya ulimi, kisha unatafuna na ni kama karanga iliyochumwa kabla haijakauka. Ila uchague vizuri. Wale askari wenye vichwa vikubwa wakishika kidole hawaachii, hata ukikata kiwiliwili kichwa kinabaki kimeuma.

Hapa Nairobi nao wapo. Usiku wa mvua nenda ukatazame chini ya taa yoyote ya mulika mwizi. Wanakufa bure pale, wanakanyagwa, asubuhi wanafagiliwa.

Sasa nifike kwenye kopo.

Ilikuwa 1991, una miaka mitano. Kukhu alimpa mtu wa basi kopo la Kimbo la kilo mbili, limejaa hadi kifuniko kinainuka, nikalipokea stendi ya Machakos hapa Nairobi nikalibeba kwenye matatu mapajani kama mtoto. Nililipigia hesabu: konzi moja Jumamosi, konzi moja Jumatano, litanifikisha Julai. Wiki hiyo hiyo baba yako akasema bosi wake anakuja Jumapili baada ya kanisa. Nikachinja kuku, nikasukuma chapati kumi na sita. Kopo likaingia chini ya kitanda nyuma ya viatu, kwa amri.

Mgeni ameketi, chakula kiko mezani, baba yako amevaa tai ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na wewe ukatoka chumbani umekunja ngumi. Ukamwendea moja kwa moja, ukafungua ngumi juu ya kiganja chake, ukamwambia, "Onja, ni tamu."

Sijawahi kusikia nyumba ikinyamaza namna ile. Baba yako alikuwa na uso wa mtu aliyefukuzwa kazi. Yule mzee akatoa miwani kwenye mfuko wa shati, akaivaa, akatazama kiganja chake. Kisha akasema, taratibu, kama mtu aliyekutana na mwenzake wa shule ya msingi barabarani: "Ng'wen."

Mjaluo wa Siaya, na ng'wen ndio kumbikumbi kwa lugha yao! Nami nilikuwa nimehangaika na kuku tangu alfajiri. Yule mzee alikula kumbikumbi kwa chapati, konzi kwa konzi, akisimulia jinsi mama yake alivyowaanika kwenye mkeka, na kuku wangu akapoa akaganda mafuta. Nilicheka mpaka nikaenda kusimama jikoni. Na baba yako, yule wa komeo, kufikia saa kumi alikuwa anamweleza mgeni jinsi ya kuwakaanga! Moto mdogo, bosi, bila mafuta. Kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisimama pale na mwiko.

Kisha mgeni akainuka kuaga, na baba yako akalichukua kopo, akalifunika, akalifunga kwa gazeti, akampa.

Lote.

Mama alifariki Septemba mwaka huo huo. Kopo lingine halikuja. Shangazi yako hutuma, nashukuru, lakini huwatia chumvi mpaka unakunywa maji usiku kucha, na Kukhu aliyajua makali ya chumvi kwa ncha ya kidole tu.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, hasa usiku wa mvua. Najua alifanya kwa furaha. Mtu aliyeficha kitu tangu siku ya harusi, halafu akagundua hakikuwa na haja ya kufichwa, hana kipimo. Na mgeni hapewi nusu, hata mimi nililelewa hivyo. Na habari za Septemba, nani angezijua mwezi wa nne? Alikuwa mtu mwema baba yako, wewe unajua, na amelala kaburini hawezi kujitetea, kwa hiyo mimi simhukumu.

Lakini nusu ingetosha. Na kopo lenyewe lilikuwa gorogoro langu la kupimia unga, nalo halikurudi.

Kuhusu mtoto. Mkeo amesema wadudu ni wadudu, nami simlaumu, ila mkumbushe ule mchuzi wa papa mkavu alionipikia Krismasi. Harufu ilinipokea kwenye ngazi, ghorofa mbili kabla ya mlango wenu. Nilikula, nikaongezwa. Huko kwao Kilifi wanakula kamba na kaa, na hao ukiwatazama vizuri, na miguu yao hiyo, ni jamaa wa wadudu. Nesi mmoja wa kliniki aliniambia kwamba mtu ambaye kamba humvimbisha midomo au kumwasha asiguse kumbikumbi. Kwa hiyo tazama hapo kwanza. Kama amekula kamba wa bibi yake bila shida, mtwangie wawili watatu kwenye ugali, umwangalie. Asipotaka, mwache. Ila mkaangie mlango ukiwa wazi.

Na usiwakaange bado. Hao wa sokoni wakati mwingine wana mchanga, au ni wa mwaka jana mafuta yameshaoza, na mimi nikitafuna mmoja nitajua. Walete Jumapili. Waweke kwenye kopo, si kwenye bahasha, wasivunjike. Kopo lako nitakurudishia.

Mama