Ukitoka kwenye baiskeli kuja kwenye tairi za gari

Mdogo wangu, kama kazi uliianzia kwenye baiskeli kama mimi, umezoea kupima upepo kwa kidole gumba. Kwenye gari kiache kabisa. Ubavu wa tairi la gari ni mgumu wenyewe; litakuwa limepungua upepo na bado ukilibonyeza utaona liko sawa. Nunua geji yako mwenyewe.

Namba nazo huwachanganya wageni. Tairi jembamba la baiskeli ya mashindano hujazwa PSI (kipimo cha presha ya upepo) 80 hadi 100, gari dogo 30 hadi 35 tu. Baiskeli inakanyaga kaeneo kadogo sana ka barabara, gari linakanyaga karibu upana wa kiganja kwa kila tairi, ndiyo maana. Lakini usiidharau hiyo 35, hewa iliyomo ni nyingi mno. Nilipokuwa mgeni niliinama juu ya tairi nikilijaza ili likae kwenye ringi. Lilipokaa, ule mlio uliniziba masikio hadi jioni. Sasa natumia mpira mrefu wa kompresa na nasimama pembeni.

Pancha ya baiskeli unaijua: tyubu kwenye beseni, mapovu, alama, kausha, msasa, solusheni. Hapo subiri. Solusheni iache ikauke hadi ipoteze mng'ao, ndipo ubandike kiraka. Haraka ya hapo ndiyo inayorudisha wateja. Kisha pitisha vidole ndani ya tairi taratibu, maana mwiba ukibaki umefanya kazi bure. Gari nyingi za leo hazina tyubu. Msumari ukiwa katikati ya kashata, yaani ile sehemu ya tairi yenye mifereji inayokanyaga barabara, ziba. Ukiwa ubavuni usizibe, hata mteja akikubembeleza: ubavu hukunjika kila tairi linapozunguka, kiraka hakitashika.

Jifunze pia kulisoma tairi. 195/65 R15 maana yake upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, ringi inchi 15. Tafuta na tarakimu nne za mwisho kwenye mstari ulioandikwa DOT ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba likipakwa dawa nyeusi linang'aa kama jipya, na kashata zake zimejaa, kumbe mpira umeshaanza nyufa karibu na ringi. Mwonyeshe mteja hizo tarakimu na hizo nyufa kabla hajatoa hela.