Nimerudishwa nyumbani bila dawa

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Mwanangu ana miaka miwili na miezi mitatu. Alishikwa na mafua na kikohozi, siku ya nne nikaamka saa kumi na moja alfajiri nikampeleka zahanati, foleni mpaka saa tano. Wakamtoboa kidole, malaria hakuna. Tabibu akamfunua kifua, akamtazama, akasema ni mafua tu, nimpe vinywaji, nirudi akizidiwa. Hata panado sikupewa! Niliona nimedharauliwa. Njiani nikapita duka la dawa nikanunua amoksilini ya maji. Mama mkwe naye anasema kimeo kimeshuka, kikatwe. Nifanyeje? – Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa, kimeo kisiguswe. Nimewapokea watoto waliotoka kukatwa kimeo, damu inawachuruzika kinywani na kikohozi kiko palepale. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zake, kwamba aliyekataza ni mimi. Lawama anibebeshe mimi.

Tuje kwa tabibu. Alichokuambia ni sahihi, ila alikiacha njiani. “Rudi akizidiwa” ndiyo nini kwa mama? Kuzidiwa kunaonekanaje? Angekuongezea dakika mbili tu ungetoka pale na jibu. Nami sina uso wa kumcheka. Enzi zangu zahanati, jioni benchi bado limejaa, niliwahi kuandika amoksilini kwa mafua ili mama aondoke ameridhika na foleni isogee. Mtoto angepona vilevile. Lakini mama alijua kilichomponya ni ile dawa, na mafua yajayo anakuja kuidai kwa jina. Tuliwazoesha wenyewe.

Mafua ni ya virusi, na amoksilini haiui virusi. Itakachompa mtoto ni kuharisha au vipele, na vijidudu vitaizoea kabla ya siku atakapoihitaji kweli, ya nimonia. Chupa hiyo usimwekee mdogo wake kabatini, maana dawa ya unga ikishachanganywa na maji siku zake ni chache. Kama umeshaanza kumnywesha, rudi nayo kwa tabibu akuambie la kufanya.

Sasa nikufundishe kile ambacho ungefundishwa siku ile: kuhesabu pumzi. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Akiwa amelala ni bora zaidi. Pandisha fulana juu, washa saa ya simu, hesabu tumbo linavyoinuka kwa dakika nzima. Nusu dakika ukazidisha kwa mbili haifai, pumzi za mtoto hazitembei kwa mpango. Kwa umri wa mwanao, 40 au zaidi ni nyingi: mpeleke siku hiyohiyo. Mtoto wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, mpaka wake ni 50. Aliye chini ya miezi miwili usikae ukihesabu nyumbani. Akikohoa au akichemka, nenda naye.

Hesabu ikiwa nzuri, bado tazama chini ya mbavu. Akivuta pumzi pale chini pakabonyea kuingia ndani, ondoka hapo ulipo. Vilevile akikataa kunywa kabisa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, au akilegea hata humwamshi vizuri. Hapo si pa kusubiri kupambazuke, na wala hutakuwa umemsumbua mtu.

Yasipokuwepo hayo, kaa naye nyumbani. Mnyweshe mara kwa mara, uji mwepesi, supu, maziwa kama ananyonya bado. Asali nusu kijiko cha chai inatuliza koo, ila asiyetimiza mwaka asilambe kabisa. Dawa za kikohozi za watu wazima ziache, na aspirini usimpe mtoto. Akipata joto, parasetamo: mwonyeshe muuza dawa kadi ya kliniki apime kwa uzito, isizidi mara nne kwa saa 24. Na joto likija, kipimo cha malaria siku hiyohiyo, hata kama cha juzi hakikuonyesha kitu. Hilo nalikazania kwa sababu ndipo wengi wanapojidanganya, “si alipimwa wiki iliyopita?”

Kikohozi chenyewe kina ukaidi. Kamasi zinakauka, mtoto anacheza, chenyewe bado kipo. Wiki mbili si ajabu. Kikivuka hapo, arudi aangaliwe, pamoja na kifua kikuu.

SWALI: Mume wangu akiharisha tu anameza Flagyl mbili, anasema ndiyo dawa ya tumbo tangu kwao. Ni sawa? – Msomaji, Korogwe

JIBU: Si sawa, dada. Kuharisha kwa maji kusikokuwa na damu mara nyingi hujiishia kwenyewe, na anachopoteza ni maji na chumvi. Mchanganyie ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwenye maji safi; soma pakiti, nyingi ni za lita 1. Kila akitoka chooni anywe kikombe kizima, na kitakachobaki baada ya saa 24 mwaga. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe na kilima. Chumvi usiiongeze kwa huruma.

Ukiona damu, au choo kinatoka kama maji ya mchele bila kukoma, mpandishe bodaboda mwende, na chupa ya ORS aishike mkononi, awe anakunywa njia nzima.